Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Tabia za Krapi na Namna ya Kumvua

Maswali haya ni yale ambayo wavuvi wanaozungumza Kiswahili walioko Marekani, wengi wao wakiwa wamelelewa kando ya Ziwa Tanganyika au Ziwa Victoria, huyarudia kila mwaka baridi inapoanza kulegea. Mengi huanza na chambo: ni kipi kizuri, cha rangi gani, kinauzwa wapi. Majibu yatamrudisha msomaji kwenye kina cha maji mara nyingi kuliko anavyotarajia, kwa kuwa anayerudi nyumbani mikono mitupu mara nyingi alikuwa na chambo kizuri, ila alikishusha mahali ambapo samaki hakuwepo.

## Kumjua samaki mwenyewe

Krapi ni samaki gani?

Ni samaki wa maji baridi wa Amerika ya Kaskazini, mwenye mwili mpana uliobanwa ubavuni kama sato, ingawa hana undugu wa karibu naye. Jina lake katika leseni na vitabu vya kanuni huandikwa crappie. Baadhi ya watu hulitamka krapi na wengine kropi. Louisiana humwita sac-à-lait. Asili yake ni mashariki na katikati ya bara hilo, lakini amepandikizwa karibu kila mahali palipo na ziwa au bwawa linalomfaa.

Wengi wanaovuliwa huwa na urefu wa sentimita 20 hadi 30. Krapi mweupe mkubwa kuliko wote katika rekodi za dunia alivuliwa Enid Lake, jimbo la Mississippi, mwaka 1957, akiwa na ratili 5 na aunsi 3, yaani takriban kilo 2.35. Krapi mweusi aliyeweka rekodi alitoka katika bwawa dogo huko Tennessee mwaka 2018, naye alimzidi mwenzake kwa aunsi 4.

Nitamtofautishaje krapi mweupe na krapi mweusi?

Hesabu miiba migumu ya pezi la mgongoni. Mweupe huwa na mitano au sita, mweusi saba au minane. Rangi hudanganya, hasa wakati wa kutaga ambapo dume huiva na kuwa mweusi, lakini kwa kawaida madoa ya mweupe hujipanga kama mistari ya kusimama ubavuni, ilhali ya mweusi yametapakaa bila mpangilio.

Kwa mvuvi tofauti hiyo ina maana. Mweupe huvumilia maji ya tope na hupatikana kwa wingi katika mabwawa makubwa ya mito, tena huzoea kukaa katikati ya maji mbali na kitu chochote. Mweusi hupenda maji maangavu zaidi, majani ya majini na vivuli vya visiki. Maziwa mengi yana wote wawili, na humo unaweza kuvua mweusi kwenye majani asubuhi na mweupe kwenye kingo za kilindi mchana wa siku hiyohiyo.

Anakula nini?

Akiwa mchanga hula planktoni, yaani vijidudu vinavyoelea majini, kisha wadudu wa majini, na anapokua huongeza visamaki vidogo. Hata hivyo krapi mkubwa, hasa mweusi, haachi kabisa kula wadudu na planktoni. Jambo hili huwashangaza watu wanaodhani kwamba samaki mkubwa hutaka chambo kikubwa. Zipo siku ambapo chambo chenye urefu wa sentimita 3 huvua na cha sentimita 7 hakiguswi, kwa sababu tu chakula kilichojaa majini wakati huo ni kidogo.

Kwa nini wavuvi wazoefu husisitiza kwamba chambo kiwe juu ya samaki?

Mtazame krapi usoni. Macho yake ni makubwa na yamekaa juu ya kichwa, na mdomo wake hufunguka kuelekea juu. Huyu ni samaki anayetulia chini ya chakula chake, anakiona kikipita kati yake na mwanga, kisha anapanda taratibu na kukivuta ndani pamoja na maji. Kupanda sentimita 50 kufuata chambo si kazi kwake. Kushuka kufuata kilichopita chini ya kidevu chake ni jambo analolifanya kwa nadra.

Kwa hiyo kosa la mita moja juu bado lina matumaini, lakini kosa la nusu mita chini karibu halina. Ikiwa unaamini kundi limekaa mita 4, anza mita 3.5. Asiye na kifaa cha sauti cha kuonyesha samaki anaweza kufunga chubwi nzito kwenye ndoana ili kupima sakafu ya ziwa, kisha akapandisha chambo hatua kwa hatua kutoka juu ya matawi hadi karibu na uso wa maji. Anayetupa chambo bandia chenye kichwa cha risasi, ambacho hapa tutakiita jigi, anaweza kuhesabu: jigi la gramu 1.8 kwenye mshipi mwembamba huzama kwa kadiri ya sentimita 30 kwa sekunde. Ukiumwa ulipohesabu hadi nane, hesabu nane tena. Binafsi nililipuuza somo hili msimu mzima, nikawa nabadilisha rangi za chambo kama mtu anayebadilisha funguo kwenye mlango usio wake.

## Mahali na majira

Nianzie wapi katika ziwa nisilolijua?

Tafuta vitu vitatu vilivyo karibu: kilindi, mteremko na kivuli. Krapi hupenda kuwa na kilindi cha kukimbilia, mteremko wa kupandia kwenye chakula, na kitu cha kujibanza kandoni, kama vile visiki, matawi yaliyozama, nguzo za daraja au gati. Katika mabwawa yaliyotengenezwa kwa kuziba mto, mkondo wa zamani wa mto bado uko chini kama barabara, na samaki huufuata wanapohama kutoka kilindi kwenda kwenye hori na kurudi. Kentucky Lake, iliyotokana na kuzibwa kwa mto Tennessee kwa bwawa lililokamilika mwaka 1944, ni mfano mzuri: ramani ya mkondo wa zamani humfaa mgeni kuliko mwenyeji anayemwelekeza kwa kidole.

Asiye na mtumbwi asikate tamaa. Gati za umma, madaraja na kuta za mawe za matuta zote huvutia krapi. Simama mahali pamoja kwa dakika 15 au 20 ukijaribu vina mbalimbali, usipoguswa, hama. Krapi huishi kwa makundi, hivyo palipo na mmoja mara nyingi pana wengine, na pasipo na mmoja ni kupoteza muda.

Wanasogea ufukweni lini kutaga mayai?

Ratiba yao hufuata joto la maji. Maji yanapofikia nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi, yaani kama 50 hadi 55 kwenye kipimo cha Farenhaiti, makundi huanza kutoka kilindi na kusubiri kwenye midomo ya hori na kingo za miteremko. Kutaga hasa hutokea maji yakiwa kati ya nyuzi 16 na 20. Katika majimbo ya kusini hali hiyo inaweza kufika Machi. Minnesota inaweza kuwa mwisho wa Mei au Juni. Upande wa kaskazini wa ziwa, unaopokea jua la kusini na kukingwa na upepo baridi, hupata joto mapema, kwa hiyo uanzie huko.

Dume ndiye anayetangulia. Husafisha kiota kwenye changarawe, mizizi au vijiti, mara nyingi katika maji ya nusu mita hadi mita 2, na zaidi ya hapo ikiwa maji ni maangavu sana. Viota huwa jirani jirani kama nyumba za mtaa mmoja. Jike hubaki kwenye maji yenye kina zaidi kidogo, huja kutaga makumi ya maelfu ya mayai, mara nyingine katika viota zaidi ya kimoja, kisha huondoka. Dume hubaki akilinda mayai na vifaranga, na humshambulia yeyote anayekaribia, awe na njaa au la. Wazee wa Kigoma na Mwanza watakumbuka kwamba sato jike hubeba mayai mdomoni. Krapi hana hifadhi hiyo, na dume akiondolewa kiota huliwa na samaki wengine.

Haya yana matokeo mawili. Kwanza, ukivua madume weusi tupu ufukweni, majike wakubwa wako mita chache nyuma yao, kwenye maji ya ndani zaidi. Pili, wakati huu ni rahisi mno kujaza ndoo, na kanuni haikatazi kufikia idadi yako ya siku, yaani samaki unaoruhusiwa kuchukua kwa siku moja, lakini mimi huchukua wachache kwenye viota na kwenda kutafuta wengine kwenye mteremko.

Wiki iliyopita walikuwa tele ufukweni. Sasa hakuna hata mmoja. Wamekwenda wapi?

Wamemaliza kutaga na wamerudi nyuma kwa njia ileile waliyojia. Wafuate: jaribu kwanza mteremko wa karibu, kisha matawi yaliyozama kwenye mita 3 hadi 5, kisha kingo za mkondo wa zamani.

Majira ya joto yakikolea, maziwa mengi yenye kina hugawanyika tabaka mbili. Maji ya juu ni ya moto na yenye hewa; maji ya chini ni baridi, lakini hayachanganyiki na ya juu, na oksijeni yake hupungua kadiri takataka za chini zinavyooza. Kati yao kuna ukanda mwembamba ambamo joto hushuka ghafla. Anayekumbuka Ziwa Tanganyika, ambalo vilindi vyake havina oksijeni na samaki wake wote huishi tabaka la juu, atalielewa hili bila maelezo marefu. Krapi hukaa juu kidogo ya ukanda huo, ambako kuna ubaridi kiasi na hewa ya kutosha. Kama ukanda uko mita 5, kushusha chambo mita 9 ni kuvua mahali pasipo na uhai, hata kama sakafu iko mita 15 na kuna mti mzuri uliozama hapo. Kifaa cha sauti kikiongezwa nguvu mara nyingi huuonyesha ukanda huu kama ukungu.

Mchana wa jua kali, kivuli cha gati chenye mita 3 za maji kinaweza kushikilia kundi zima. Usiku ni bora zaidi. Tazama swali la taa hapa chini.

Majira ya majani kupukutika yana tofauti gani?

Maji ya juu hupoa, tabaka huvunjika na ziwa lote huchanganyika. Kwa siku kadhaa samaki hutawanyika kwa kuwa sasa wanaweza kukaa kina chochote, na uvuvi huwa mgumu. Baadaye visamaki huingia kwenye hori na krapi huvifuata. Mvuvi atafute kwanza visamaki, kwa macho au kwa kifaa.

Na wakati wa baridi, hata barafu ikitanda?

Krapi hulala vilindini kwa makundi yaliyobanana, mara nyingi akielea mita kadhaa juu ya sakafu. Mwili wake hufanya kazi polepole, hivyo hafukuzi chambo. Chambo kiwe kidogo na kitikiswe kidogo tu, au kiachwe kimetulia kabisa.

Kuhusu kuvua juu ya barafu, wanaotoka Afrika Mashariki wanastahili kuelezwa bila kuzungushwa. Minnesota, ambako jambo hili ni utamaduni, mamlaka hushauri kwamba mtu mmoja anayetembea kwa miguu asikanyage barafu mpya na angavu iliyo pungufu ya inchi 4, yaani sentimita 10. Barafu nyeupe au ya zamani ni dhaifu zaidi, na unene hutofautiana ndani ya ziwa moja. Toboa na upime unapoendelea, na usiende peke yako.

## Saa, hali ya hewa na hali ya maji

Ni saa gani nzuri zaidi, na je, taa za usiku husaidia?

Alfajiri na magharibi, kwa kuwa macho ya krapi huona vizuri kwenye mwanga hafifu kuliko ya visamaki anavyowinda. Usiku naye hula.

Kuhusu taa, msomaji aliyewahi kuona karabai za wavuvi wa dagaa tayari anajua nusu ya jibu. Mwanga huvuta wadudu na planktoni, planktoni huvuta visamaki, na visamaki humvuta krapi. Taa huvuta vizuri zaidi usiku wa giza kuliko wakati wa mbalamwezi, kama ilivyo kwa dagaa. Tofauti ni kwamba dagaa hupanda na kuzunguka taa mpaka wavu unyanyuliwe, ilhali krapi hukaa pembeni na chini, kwenye mpaka wa mwanga na giza, na kuchomoka kumnyakua anayepotoka. Kwa hiyo chambo kisitiwe katikati ya mwanga. Washa, subiri saa moja au zaidi mpaka wingu la visamaki lijengeke, kisha vua ukingoni, ukianza juu na kushuka.

Kwa nini siku nzuri ya jua baada ya dhoruba haina samaki?

Hewa baridi inapopita na kuacha anga la buluu lisilo na wingu, krapi hujibanza ndani ya matawi au hushuka kidogo, na eneo analokubali kufuata chambo hupungua sana. Hajaondoka. Punguza ukubwa wa chambo, kishushe katikati ya matawi badala ya kandokando, na ukiache kitulie kwa muda unaochosha. Ukiweza kuchagua siku, chagua ile iliyo kabla ya dhoruba au siku za mawingu zilizofuatana bila mabadiliko.

Maji yamechafuka, au kina kimepanda ghafla. Nifanyeje?

Katika maji ya tope samaki husogea juu na kushikamana zaidi na visiki. Visamaki hai vyenye harufu, au chambo bandia cha rangi kali ama nyeusi tii, hufanya kazi kuliko vile vya rangi nyororo. Maji yakipanda wakati wa majira ya kuchipua, krapi hufuata vichaka vilivyofunikwa. Yakishuka, hurudi kwenye mteremko wa kwanza. Mabwawa mengi hupandishwa na kushushwa kwa ratiba. Kentucky Lake, kwa mfano, huwekwa majira ya joto kwenye kimo kinachozidi cha baridi kwa futi 5, kama mita 1.5, na kisiki kilichovua vizuri mwezi Mei kinaweza kuwa nchi kavu mwezi Januari.

## Vifaa na namna ya kuvua

Ninahitaji vifaa gani?

Vyepesi. Ufito mwembamba unaopinda, mshipi wa nguvu ya ratili 4 hadi 8, na ndoana za waya mwembamba. Waya huo una faida isiyoonekana dukani: ndoana ikikwama kwenye tawi, huvutwa polepole ikanyooka na kutoka, kisha hukunjwa tena. Ongeza boya linaloteleza juu ya mshipi mpaka kwenye fundo, ili uweze kuvua kina cha mita 4 bila mshipi wa mita 4 kuning'inia unapotupa. Wengine hutumia fito ndefu za mita 3 na zaidi kushusha chambo wima juu ya matawi, na kwa anayevua gatini hakuna njia safi kuliko hiyo.

Visamaki hai au chambo bandia?

Vyote huvua. Visamaki hai hushinda samaki wakiwa wavivu, katika baridi na maji machafu. Chambo bandia hushinda unapotafuta, kwa kuwa hupitia eneo kubwa kwa muda mfupi. Rangi ina umuhimu wa tatu, baada ya kina na mwendo. Kwa maji maangavu tumia nyeupe, kijivu au rangi za kupenyeza mwanga. Kwa maji machafu tazama swali la maji yaliyochafuka hapo juu.

Visamaki vilivyobaki visimwagwe ziwani. Vinaweza kupeleka spishi ngeni au magonjwa, na majimbo mengi yamekataza.

Nahisi wananigusa lakini siwapati, au wanachomoka karibu na mtumbwi.

Haya ni matatizo mawili. La kwanza linatokana na namna krapi anavyouma. Kwa kuwa hupanda akivuta chambo, mara nyingi mshipi hauvutwi bali hulegea, na boya badala ya kuzama hulala ubavu. Anayesubiri kuvutwa anapitwa. Mshipi ukilegea kabla ya chambo kufika kina chake, nyanyua.

La pili linatokana na mdomo. Pembeni mwa taya lake pana ngozi nyembamba kama karatasi, na ukikwanyua kwa nguvu kama unayevua sangara, ndoana hupasua tundu kubwa na samaki huteleza. Nyanyua ufito kwa mkono uliotulia, acha upinde wake ufanye kazi, usilegeze mshipi, na kwa samaki mkubwa tumia kinyavu cha mkono badala ya kumning'iniza hewani.

## Kanuni, usalama na chakula

Je, ninahitaji leseni, na naweza kutumia nyavu?

Leseni inahitajika karibu kila mahali kwa mtu mzima, hata kama unavua kwa chakula cha nyumbani tu. Umri wa kuanzia hutofautiana: Kentucky ni miaka 16, Texas ni 17. Baadhi ya majimbo hutenga siku za kuvua bila leseni, kama Jumamosi ya kwanza ya Juni huko Texas, lakini masharti ya idadi na urefu hubaki palepale.

Nyavu ndizo zinazowaponza wageni. Krapi ni miongoni mwa samaki waliotengwa kwa ajili ya ndoana, na kwa kawaida kumvua kwa wavu wa kutega au wa kutupa ni kosa, hata pale ambapo wavu huohuo unaruhusiwa kwa visamaki vya chambo. Kanuni ya jumla ya Texas ni samaki 25 kwa siku, kila mmoja asipungue inchi 10, lakini maziwa kadhaa yana masharti yake. Soma kanuni za jimbo na za ziwa husika kila mwaka kabla ya kushusha ndoana.

Niwarudishe wadogo, hata niliowatoa kilindini?

Wasiofikia urefu wa kisheria lazima warudishwe, kwa mikono iliyoloa na bila kukawia. Tatizo ni kilindi. Samaki aliyenyanyuliwa haraka kutoka maji marefu hufura kibofu chake cha hewa, na anaweza kufa hata akiogelea vizuri alipoachwa. Ndiyo sababu katika Lake Fork, Texas, kwa miaka mingi kanuni imemtaka mvuvi wa Desemba hadi Februari abaki na kila krapi anayemvua, bila kujali urefu, mpaka idadi yake itimie. Mahali pasipo na kanuni ya namna hiyo, ukiona wanatoka wamefura na wengi ni wadogo, acha kilindi hicho na utafute kundi lililo juu zaidi.

Ni salama kumla, na anapikwaje?

Nyama yake ni nyeupe, laini, isiyo na harufu kali. Wamarekani hutoa minofu na kuikaanga kwa unga wa mahindi. Anayependa kumkaanga mzima kwa limau, chumvi na pilipili, amwondoe magamba kwanza na asikae mbali na sufuria, kwani huiva upesi. Kila jimbo hutoa ushauri kuhusu zebaki na kemikali nyingine kwa maziwa yake, na ushauri huo huwabana zaidi wajawazito na watoto. Uangalie kwa jina la ziwa.

## Hali za pekee

Bwawa letu limejaa krapi wadogo wasiokua. Tunakosea wapi?

Huenda hamkosei katika kuvua. Katika bwawa dogo krapi huzaliana kupita chakula kilichopo, na wote hudumaa wakiwa na urefu wa kiganja. Ndiyo maana wataalamu wengi hushauri asipandikizwe katika mabwawa madogo. Mkimkuta tayari, kanuni ikiruhusu vueni wengi na msiwarudishe, na muwalinde samaki wakubwa wanaowala wadogo.

Mwaka juzi walikuwa tele, mwaka huu karibu hakuna. Wamevuliwa wote?

Mara nyingi sivyo. Uzazi wa krapi hufanikiwa kwa kupanda na kushuka: mwaka mmoja maji hupanda kwa wakati, vichaka hufunikwa na vifaranga hupona kwa wingi, mwaka unaofuata maji hushuka viota vikiwa na mayai. Kizazi kikubwa hufikia ukubwa wa kuvuliwa baada ya miaka miwili au mitatu, hutawala ziwa kwa muda, kisha huzeeka. Ukivua wengi wa sentimita 15 mwaka huu, weka kumbukumbu na urudi baadaye.

Haya ya tabaka na vilindi yanahusu ziwa lenye kina kifupi kama Reelfoot?

Kwa sehemu ndogo. Reelfoot Lake ya Tennessee ilitokana na matetemeko ya ardhi ya mwaka 1811 na 1812, na sehemu kubwa ya maji yake haifiki mita 2. Hapo samaki hana mahali pa kushuka, hivyo huhama kwa mlalo: kutoka kisiki kimoja hadi kingine, kutoka majani kwenda uwazi, kutoka upande wa jua kwenda kivulini. Vua kisiki kimoja pande zote, hasa ule wenye kivuli, kisha nenda kwa kingine. Kanuni ya kukaa juu ya samaki inabaki, ila kwa sentimita badala ya mita.

Nimevua krapi mwenye mstari mweusi kutoka mdomoni hadi mgongoni. Ni spishi nyingine?

Hapana. Ni krapi mweusi mwenye alama ya kurithi inayopita kidevuni, puani na mbele ya pezi la mgongoni. Hutokea kiasili kwa uchache, na baadhi ya vituo vya kuzalisha samaki huwatumia ili watambulike baada ya kupandikizwa. Huhesabiwa ndani ya idadi yako ya siku kama krapi mwingine yeyote.